Bonaventura na Kuku wa Rangi ya Majivu

Kwa miaka mitano ya ajira yake, kazi ya Bonaventura Ntandu ilikuwa kuwamaliza majogoo wa kienyeji. Barua ya kazi haikusema hivyo. Ilisema yeye ni mhudumu wa kuku katika kituo cha mifugo kilichokuwa nje kidogo ya mji wa Singida, na mwanzoni, mwaka 1965, alikuwa mhudumu kweli. Alitembea saa nzima kila asubuhi kutoka nyumbani kwake upande wa barabara ya Ikungi, akafagia mabanda, akamwaga maji ya jana, akaweka mapya, akaokota mayai. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na elimu ya darasa la nne la misheni. Mkono wake wa kushoto haukunyooka vizuri tangu alipoanguka kutoka juu ya paa la udongo la tembe akiwa mtoto.

Kuku wa kituo walikuwa wa kizungu, wekundu wote, wazito, wenye miguu ya njano. Waliletwa kwa treni mpaka Itigi, kisha kwa lori, na wengi wao walikufa kiangazi cha kwanza kabla hawajauzoea upepo wa Singida.

Mwaka uliofuata ukaja mpango wa majogoo. Aliyeuendesha alikuwa Bwana Mifugo Chrispin, kijana aliyetoka chuoni karibuni, mtu wa kazi, asiyependa maneno mengi. Chrispin alikuwa amewaona watoto waliovimba miguu kwa kukosa lishe, na aliamini kwamba yai moja kwa siku lingewaponya wengi wao. Kwa hiyo kila kaya ilitakiwa kuleta jogoo wake wa kienyeji na kupewa jogoo mwekundu. Vifaranga wangezaliwa wakubwa, na matetea wangetaga zaidi. Sharti lilikuwa moja: asibaki jogoo wa kienyeji hata mmoja. Akibaki, kwa wepesi wake atamwahi yule mwekundu kwa kila tetea, na kazi yote itakuwa bure. Majogoo waliokusanywa walitiwa kwenye matenga na kupelekwa jikoni kwa shule moja ya bweni.

Bonaventura ndiye aliyeyabeba matenga hayo. Hakuwa na neno lolote juu ya mpango. Alikuwa na mke, Yustina, na binti mmoja, Martha, na kazi ya serikali ilikuwa kazi ya serikali.

Agosti 1966, mtama ukiwa umeshavunwa, Landrova ya idara ilikwenda Misigiri, upande wa Iramba. Watu walipanga mstari mbele ya nyumba ya balozi wa nyumba kumi, kila mmoja na jogoo wake. Bonaventura alikaa juu ya kigoda na daftari, akiandika jina la mtu na idadi ya matetea yake. Yeye alikuwa Mnyaturu na wale Wanyiramba, kwa hiyo walizungumza Kiswahili.

Karibu na mwisho wa mstari alikuja mama mmoja wa makamo, mjane, jogoo amemfunga ndani ya khanga kama mtoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye kuchukua majogoo?"

"Ndiye mimi. Jina lako nani, mama?"

"Raheli."

"Una matetea wangapi?"

"Saba."

Akaandika. Raheli akaifungua khanga. Jogoo alikuwa wa kijivu, rangi ya majivu yaliyopoa jikoni, na kila unyoya wa kifuani ulikuwa na mstari mweusi ukingoni, kana kwamba mtu ameuzungushia kalamu. Shingo ilikuwa nyeusi kabisa. Bonaventura alikuwa ameshika majogoo mia kadhaa mpaka siku ile na hakuwa amewahi kuona wa namna hiyo.

"Rangi hii niliitoa kwa mama yangu," Raheli alisema, "na mama aliitoa kwa mama yake. Balozi amesema nikikataa nitakuwa naichelewesha nchi. Basi mchukue. Lakini usimle."

"Mama, hawa wanakwenda shuleni. Wanapikwa."

"Najua wanakokwenda. Nakuambia wewe. Usimle."

Akapewa jogoo mwekundu. Akamnyanyua kidogo, akaangalia miguu yake ya njano, akasema ni mzito, akaenda zake.

Jioni ile, kituoni, Bonaventura alimtoa yule wa kijivu kwenye tenga. Kesho yake alileta jogoo wa kahawia kutoka kwake nyumbani, akamtia mahali pake, idadi ikatimia. Mkewe alipomwuliza kwa nini amefanya vile, alijibu kwamba hajawahi kumwona kuku kama yule. Jibu lingine hakuwa nalo, wala baadaye hakulipata.

"Kwa hiyo jogoo wangu wa kahawia ameliwa na watoto wa shule," Yustina alisema, "na mimi nimeletewa huyu wa majivu."

"Ni mzuri."

"Uzuri wake niutie kwenye chungu gani?"

Hata hivyo alimpa maji. Yustina alikuwa na matetea watano weusi, kuku wa kawaida tu. Mvua zilipoanza walilalia, na vifaranga waliototolewa walikuwa nusu weusi, nusu wa kijivu. Bonaventura akafurahi. Akaona kazi ni rahisi: wale weusi wataliwa mmoja mmoja, wa kijivu watabaki, na mwakani wa kijivu watazaa wa kijivu watupu.

Mwakani haikuwa hivyo. Jogoo wa kijivu na matetea wa kijivu walitoa vifaranga wa aina tatu. Wengi walikuwa wa kijivu. Wachache walikuwa weusi. Na wachache walikuwa wa rangi ambayo hakuipatia jina, weupe uliochafuka, wenye madoa ya kijivu na meusi yaliyotapakaa ovyo kama mtu aliyerushiwa maji ya masizi. Bonaventura alidhani jogoo wa jirani amepita. Lakini jirani wa karibu alikuwa mbali, ng'ambo ya mawe makubwa, na kuku hawakuwa wakivuka mawe yale kwa kuogopa mwewe. Akawachinja wenye madoa kwanza, kwa kuwa walimkera, kisha weusi. Msimu uliofuata ikawa vile vile. Uliofuata pia.

Katika safari za matenga alianza kuwaficha majogoo wengine. Mmoja alikuwa wa madoa mafupi kama ya kanga, lakini kicheche alimwua kabla hajaacha hata yai moja lenye mbegu. Mwingine alikuwa rangi ya mtama mwekundu ulioiva, bila unyoya mweusi popote. Huyu alizaa, na Bonaventura, kwa kuogopa kuiharibu rangi, alimwacha na binti zake, na binti za binti zake, bila kuingiza kuku wa nje. Mwaka wa tatu mayai yaliacha kuanguliwa. Rangi ile aliipoteza kwa mkono wake mwenyewe, na alilisema hilo wazi kila alipoulizwa.

Wa kijivu waliendelea, na wenye madoa waliendelea kuzaliwa na kuchinjwa. Mmoja tu alinusurika, tetea, kwa sababu Yustina alikataza asichinjwe. Alikuwa mlaliaji kuliko kuku wote wa nyumba ile. Ukimwekea mayai ya nani na nani, alilalia, na vifaranga aliwalea mpaka walingane naye ukubwa.

"Ni mbaya," Bonaventura alisema.

"Mimi simwoi," Yustina alijibu.

Novemba 1969 Bwana Mifugo Chrispin alifika nyumbani kwao kwa pikipiki. Bonaventura alikuwa anatengeneza uzio wa miiba. Chrispin alisimama uani, akawatazama kuku wakichakura kwenye makapi ya mtama, jogoo wa kijivu na matetea sita wa kijivu, jogoo mweusi aliyekuwa akinenepeshwa kwa Krismasi, matetea wawili weusi na yule mwenye madoa.

"Bwana Bonaventura, hawa ni kuku gani?"

"Ni wa kienyeji, bwana."

"Hilo naliona. Nauliza wamefikaje hapa." Hakungoja jibu. "Juzi mzee mmoja kaniambia, mtu wenu mwenyewe anafuga majogoo mnaotukataza sisi. Nikamwambia ni mwongo. Nikamwambia mbele ya watu."

Bonaventura aliuweka chini mzigo wa miiba.

"Samahani, bwana."

"Mimi nitamwambia nini mzee yule?"

Chrispin aliwasha pikipiki, kisha akaizima tena.

"Sitaandika barua. Lakini wa kijivu wote waondoke kabla ya Krismasi. Nikija nikamkuta hata mmoja, nitaandika, na kazi utaacha."

"Na hawa weusi?"

"Weusi kila nyumba wanao. Na yule mchafu pale, mlee kama unampenda."

Bonaventura alitii. Jogoo na matetea watatu alimpelekea mdogo wake Paulo, aliyekuwa akifanya kazi ya reli Itigi. Matetea watatu waliobaki alimpa dada yake Sara, aliyekuwa ameolewa kijiji cha jirani. Paulo alikaa nao miezi miwili, kisha akampa mkubwa wake wa kazi kama zawadi, na mkubwa akawala. Wale wa Sara walikufa Machi kwa ugonjwa wa kideri, pamoja na kuku wengine wote wa kijiji kile. Habari zote mbili zilimfikia Bonaventura katika wiki moja. Alizisikia, akaenda kazini kama kawaida. Yustina anasema siku zile hakugusa ugali wa jioni, akisingizia jino.

Jogoo mweusi naye hakuliwa Krismasi ile, kwa kuwa Martha aliugua homa na hakuna aliyekuwa na moyo wa sikukuu. Ndiyo maana Februari, tetea mwenye madoa alipoanza kutaga tena, palikuwa na jogoo mmoja tu uani. Yustina alimwekea mayai yake mwenyewe kumi na mawili. Yalianguliwa tisa.

Asubuhi hiyo Bonaventura alikuwa anafunga kamba za viatu.

"Baba Martha, njoo uone."

"Nimechelewa."

"Njoo."

Yustina alimnyanyua tetea upande mmoja. Chini yake walikuwa vifaranga tisa, wote wa kijivu, hata mmoja hakuwa mweusi wala mweupe. Bonaventura alichuchumaa pale. Akawatoa mmoja mmoja, akawaweka kwenye ungo, akawarudisha, akawatoa tena.

"Baba yao nani?"

"Mweusi. Kuna mwingine hapa?"

"Haiwezekani."

"Basi warudishe tumboni."

Hakuamini. Alichana nguo kuukuu kadhaa, akawafunga kuku miguuni vitambaa vya rangi mbalimbali ili ajue nani ni mtoto wa nani, na kwa misimu miwili iliyofuata Yustina aliyatia mayai alama za mkaa. Ilikuwa hivyo kila mara. Mweusi na mwenye madoa walizaa wa kijivu watupu. Wa kijivu kwa wa kijivu walizaa mchanganyiko wa aina zote tatu. Wenye madoa kwa wenye madoa walizaa wenye madoa. Ikawa dhahiri kwamba kwa miaka mitatu alikuwa anawachinja wale wale walioibeba rangi aliyokuwa akiitafuta. Yustina alikuwa wa kwanza kulisema hilo. Alilisema mara moja tu.

Kituoni hawakujua. Chrispin alihamishwa katikati ya mwaka 1971, na aliyekuja baada yake alikuwa mtu wa ng'ombe. Mpango wa majogoo haukufutwa, uliachwa tu. Kwa haki ni lazima isemwe kwamba haukuwa wa hasara yote. Nyumba nyingi zilipata matetea wakubwa wenye kutaga vizuri, na wapo watoto waliokula mayai ambayo wasingeyapata. Lakini wengi wa kuku wale hawakujua kulalia, na wale wekundu wazito mwewe aliwachukua kama anayeokota. Bonaventura alipelekwa kwenye josho la ng'ombe, kazi aliyoifanya mpaka mwisho.

Mwaka huo huo, baada ya mavuno, aliomba nafasi kwenye lori la vitunguu akaenda Misigiri na tenga dogo. Ndani walikuwa jogoo na tetea, wote wa kijivu. Alimkuta Raheli anapepeta uwele. Ilimchukua mama yule muda kidogo kumkumbuka, lakini rangi ya jogoo aliitambua papo hapo.

"Kumbe hukumla."

"Sikumla, mama. Huyu ni kitukuu chake."

Raheli aliacha ungo. Alimtoa tetea kwenye tenga, akampanua bawa, akalitazama upande wa ndani, akamwachia. Uani kwake kuku wote walikuwa na wekundu mwilini, wengine mabawani, wengine kifuani.

"Wangu waliisha," alisema. "Yule jogoo mzungu wenu alifanya kazi. Wanataga, sisemi uongo. Lakini rangi imekwenda."

Bonaventura alikaa chini, akaanza kumweleza. Alieleza habari za vifaranga wa aina tatu, za vitambaa miguuni, za alama za mkaa, na jinsi mwenye madoa na mweusi walivyotoa tisa wa kijivu. Alieleza kwa kirefu, kama mtu aliyekaa na jambo hilo miaka bila wa kumsimulia. Raheli alimsikiliza mpaka mwisho.

"Yule mwenye madoa sisi tunamwita mama yao," akasema. "Kwetu hata mtoto alijua. Mama yao hachinjwi."

"Kwa nini hukuniambia siku ile?" Bonaventura aliuliza.

"Uliniuliza? Uliniuliza jina langu na idadi ya matetea. Nikakujibu yote mawili."

Akamwandalia uji. Alipokuwa anaondoka, Bonaventura alimwambia kwamba safari ijayo atamletea na tetea mwenye madoa. Raheli akasema hakuna haja, wale wawili watamzalia, ni kungoja tu.

Mpaka hapo kazi ya kuitunza rangi ilikuwa imerahisishwa na jambo moja ambalo Bonaventura hakuwa amelifikiria: nyumba za Wanyaturu zilikuwa mbalimbali. Kuku wa nyumba hii hawakukutana na wa nyumba ile. Mwaka 1974 hilo lilikwisha. Operesheni ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vipya ilipofika upande wao, walipewa siku nne kuhama. Mihimili ya tembe iling'olewa, mingine ikabebwa, mingine ikaachwa. Bonaventura na Yustina walipakia kwenye lori vyungu, magunia mawili ya mtama, kitanda, na matenga matatu ya kuku. Katika kijiji kipya walioneshwa kiwanja kwenye mstari wa nyumba kumi, hatua thelathini kutoka nyumba hadi nyumba. Siku ya tatu, majogoo wa mstari mzima walikuwa wanapigana uani kwao.

Balozi wa nyumba zile kumi alikuwa mwanamke, Theresia, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Kwenye mkutano wa kwanza walizungumzia vyoo, kisha zamu za shamba la kijiji. Mwishoni Theresia akauliza kama kuna mengineyo. Bonaventura akasimama.

"Ndugu balozi, nina ombi kuhusu majogoo."

Watu wakacheka.

"Naomba mstari wetu huu ufuge majogoo weusi tu."

"Weusi?" mtu mmoja akauliza. "Umeambiwa na mganga gani?"

Akaeleza. Hakuwa msemaji mzuri mbele ya watu, na habari ya weusi na wenye madoa kuzaa wa kijivu iliwachanganya zaidi. Theresia alimwacha amalize.

"Ndugu Bonaventura, miaka ile ulikuwa unazunguka kutunyang'anya majogoo wa kienyeji ili tufuge wekundu. Leo unataka tuwaondoe wekundu tufuge weusi. Mwakani utataka rangi gani?"

Kicheko kikawa kikubwa. Kisha akasimama Febronia, mfinyanzi wa vyungu, mjane aliyekaa nyumba ya pili kutoka kwao. Yeye hakucheka.

"Jogoo wangu ni mwekundu," alisema, "na hatoki. Nimehamishwa nyumba. Nimehamishwa shamba. Udongo wangu wa vyungu uko kule tulikotoka, hapa ni mchanga mtupu. Jogoo nimekuja naye mwenyewe, nimembana kwapani njia nzima. Huyo mniachie."

Theresia akafunga mkutano. Bonaventura alirudi nyumbani, na Yustina anasema alikaa mlangoni, akasema Febronia ana haki.

Wiki iliyofuata alikata fito, akajenga banda dogo nyuma ya nyumba, akalizungushia miiba juu na chini. Humo aliwafungia matetea wenye madoa na jogoo mweusi kila ulipofika wakati wa kutaga mayai ya kuangua. Wengine aliwaacha wazurure. Wapita njia walisema mzee wa josho amefungua jela ya kuku. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zamani, kwa maana waliofungiwa walihitaji maji na majani ya kuletewa, na maji ya kijiji yalikuwa mbali. Sufuria aliyowawekea waliipindua kila siku.

Siku moja Febronia alikuja na chungu kipana, kifupi, chenye mdomo ulioinama ndani.

"Hiki hawakipindui," alisema. "Udongo nimeufuata kule kule kwetu. Nimekwenda na kurudi siku moja."

"Asante, shemeji. Nikupe nini?"

"Nipe temba mmoja wa kijivu. Nataka nimwangalie tu."

Akampa. Temba yule alipokua na kuanza kutaga alizaa na jogoo mwekundu wa Febronia vifaranga wa rangi za kila aina, kijivu chenye wekundu shingoni, kijivu chenye dhahabu. Bonaventura aliwaona kila siku wakipita uani na hakuwafukuza. Febronia aliwapenda wote sawa.

Julai 1977 Bonaventura aliugua tumbo. Walimpeleka hospitali, wakarudi naye, wakampeleka tena. Wiki ya tatu alifariki, akiwa na miaka arobaini na sita. Ndugu walikuja kutoka pande zote. Paulo alifika kutoka Itigi, na Sara alikuja na wanawake wa kwao. Msiba ulikuwa na watu wengi na chakula kilikuwa kichache, kwa kuwa mwaka ule mtama haukujaa. Siku ya pili asubuhi wanawake walianza kuwafukuza kuku uani.

Sara ndiye aliyesimamia jiko. Alimfuata Yustina ndani, alipokuwa amekaa mkekani.

"Wifi, tunaanza na hawa wa madoadoa na wale weusi. Wa kijivu tunawaacha. Ndio kumbukumbu ya kaka."

"Hapana," Yustina alisema. "Chinjeni wa kijivu."

Sara alidhani hakusikia vizuri.

"Wa kijivu wote. Wenye madoa msiwaguse, na jogoo mweusi msimguse."

"Hawa ambao kaka yangu nusura aachishwe kazi kwa ajili yao?"

"Hao hao."

"Hata udongo wa kaburi haujakauka, Yustina."

Yustina alikuwa hajalala siku mbili. Hakuwa na nguvu ya kueleza jambo ambalo mumewe mwenyewe lilimchukua miaka kulielewa. Alisema tena, chinjeni wa kijivu, akageukia ukutani.

Wakachinjwa kumi na mmoja. Sara aliwanyonyoa huku analia, na manyoya yale ya majivu yakapeperuka uani mpaka nyumba za jirani. Waombolezaji walikula wakashiba. Paulo aliporudi Itigi alieleza kwamba mjane wa kaka yake amewachinja kuku wa marehemu siku ya pili, akaacha wabaya. Habari ikaenea kwa ukoo. Kwa mwaka mzima hakuna ndugu wa mume aliyekanyaga nyumba ile. Yustina hakutuma ujumbe wa kujitetea. Febronia alipomwuliza, alimjibu kwa maneno machache, na Febronia, aliyekuwa amelisikia jambo lile kwenye mkutano bila kulielewa, sasa akalielewa.

Mvua za Novemba zilipoanza, Yustina aliwafungia wenye madoa na jogoo mweusi kwenye banda la fito. Mwanzoni mwa mwaka mpya alikuwa na vifaranga ishirini na wawili wa kijivu. Mwewe alichukua sita. Waliobaki wakakua.

Sara alikuja baada ya mavuno ya 1978, bila kutoa habari. Aliingia uani, akasimama, akawaona. Aliwatazama kwa muda, wengine wakiwa juu ya ukuta, wengine wakioga mavumbi, wengi wakiwa na ule mstari mweusi ukingoni mwa kila unyoya. Kisha akaketi kwenye kinu kilicholala chini.

"Umewatoa wapi?"

"Hapa hapa."

Yustina akamweleza, safari hii polepole, akimwonesha kwa kidole kuku mmoja baada ya mwingine. Sara alisikiliza. Hakuomba radhi, na Yustina hakuonekana kungoja aombwe. Walikula pamoja. Jioni, Sara alipokuwa anajifunga khanga kwa safari, aliomba kuku mmoja wa kufuga.

Yustina aliingia bandani, akatoka na tetea mchanga mwenye madoa ya masizi, akamfunga miguu kwa ukindu, akampa. Sara alimpokea, akamgeuza huku na huku.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

Sara akambana kwapani, akaaga, akashika njia.